Anoreksia, Njaa na Hamu: Juu ya Istilahi Moja ya Tiba

Miongoni mwa istilahi za tiba ambazo Kiswahili cha Kongo kimezipokea kupitia Kifaransa, «anoreksia» ni mojawapo ya zile zinazofasiriwa kwa wepesi mno. Asili yake ni Kigiriki: kiambishi cha kukanusha, kisha neno «orexis», lililotokana na kitenzi cha kunyosha mkono kuelekea kitu, yaani kukitamani. Istilahi hiyo basi haisemi juu ya tumbo, bali juu ya tamaa. Mfasiri aliyeandika «kukosa hamu ya kula» ameigusa maana. Aliyeandika «kutosikia njaa» ameikosa.

Tofauti hiyo si pambo la wanaisimu. Njaa ni haja ya mwili. Hamu ni mwelekeo wa moyo kwenye chakula. Mgonjwa wa malaria husema kinywa chake ni kichungu, na chakula akisukuma kando, ingawa tumbo li tupu. Kinyume chake, mtu aliyekwisha shiba huweza kurudishwa sahanini na harufu ya samaki wa kukaanga. Kukinai nako ni jambo jingine kabisa, kwani hudai mtu awe amekwisha kula. Neno «hamu» lenyewe lina historia ya kushangaza kidogo: katika Kiarabu ni huzuni na mahangaiko ya moyo, na Kiswahili ndicho kilicholielekeza kwenye shauku.

Matabibu wenyewe hawakuwa waangalifu sikuzote. Mwaka 1873 Charles Lasègue, huko Paris, alieleza ugonjwa wa wasichana waliojinyima chakula. Naye William Gull wa London akaupa jina «anorexia nervosa» katika makala iliyochapishwa mwaka 1874. Jina limebaki, ijapokuwa wengi wa wagonjwa hao huisikia njaa na kushindana nayo. Kuuita ugonjwa huo kwa Kiswahili «kukosa hamu ya kula» ni kurithi kosa la jina pamoja na jina. Hapo «kujinyima chakula» kungefaa zaidi.

Lakini uzito wa suala hili unaonekana hasa katika vituo vya afya. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hupimwa hamu yake kabla ya kuamuliwa atibiwe nyumbani au alazwe. Mama huketi naye mahali patulivu, hunawa mikono, humpa chakula cha tiba kilichotengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, sukari na mafuta, bila kumlazimisha. Asipokula kiasi kinachotakiwa kwa uzito wake, hulazwa, kwa sababu kupotea kwa hamu huweza kuwa dalili ya maambukizo au ya mwili uliokwisha kuvurugika ndani.

Sasa muuguzi wa Lubumbashi amwulizeje mama? «Hamu», kwa masikio mengi ya huko, ni neno la kitabuni. Wasemaji huliazima la Kifaransa na kusema «apeti». Akiuliza kama mtoto «hana na njala», mama aweza kuelewa kwamba anaulizwa kama nyumbani kuna chakula, na kwa aibu au kwa fahari atajibu kwamba mtoto ameshiba. Jibu ni la heshima, na dalili imepotea. Mama mwenyewe, akiachwa aseme, hutamka «anakatala kula». Usemi huo una hitilafu yake: kukataa ni tendo la nia, na mtoto mgonjwa huonekana mkaidi, hata akalazimishwa kumeza.

Hata hivyo usemi wa mama una faida ambayo istilahi za wafasiri hazina: unaeleza kitendo kilichoonekana kwa macho. Swali lililo karibu nao zaidi, «ukimpa chakula, anakipokea namna gani?», halina neno «hamu» wala neno «njaa» ndani yake, na muuguzi hupata humo alichotaka kukijua.