Nani Alikuwa Mwenyeji Kule Bunkeya? Juu ya Hadithi za Kale Tunazowapa Vijana

Katika vijitabu hivi tumezoea kuandika juu ya ndoa, matanga, majina na ngoma za bankambo. Leo naomba ruhusa nizungumze juu ya vitabu: ginsi hadithi zinazosomwa na vijana zinavyosimulia kuja kwa wazungu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, diplome yangu ni ya ISP hapa Lubumbashi, na jambo hili nililikuta darasani mbele ya wanafunzi wa mwaka wa tano.

Katika kabati la masomo yetu hamna hata riwaya moja ya vijana juu ya kifo cha Mwami Msiri. Kile wanachokijua wamekipata kwa picha na kwa masimulizi. Nani hapa mjini hajaona picha ya Msiri na Kapiteni Bodson? Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia nzima ya inchi miaka ya 1970, aliwafundisha watu wengi kuliko sisi walimu. Tarehe 20 Desemba 1891, Bodson anampiga Msiri risasi, naye Bodson anapigwa hapohapo na kufa. Mzungu mubaya, mwami shujaa, basi. Picha ukutani haina nafasi ya maneno mengi, na siilaumu. Lakini kitabu kina nafasi.

Rafiki yangu mmoja anayefanya biashara ya Dar es Salaam, kwa njia ya Tunduma na Kasumbalesa, aliniletea vitabu viwili. Cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, na ambacho kilisomwa sana mashuleni kule Afrika ya Mashariki. Kinasimulia watu waliokamatwa utumwani, wakaokolewa baharini na meli za Waingereza, wakapewa makao Freretown karibu na Mombasa. Ni kitabu chepesi kusoma, na mateso yanayosimuliwa humo ni ya kweli. Ila kina ugonjwa mmoja: Mwingereza anakuja kama malaika, na kazi ya Mwafrika ni kushukuru. Nilipokisoma nilimkumbuka daktari Moloney wa msafara wa Stairs, aliyeandika kitabu chake mwaka 1893: kule pia watu wa Katanga wanakombolewa kutoka mikononi mwa mwami mkali, na shaba haitajwi sana. Msiri alikuwa mkali, ni kweli. Aliuza watu, pia ni kweli. Lakini mfalme Leopold hakutuma bunduki zote zile kwa sababu ya huruma.

Cha pili ni Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, cha mwaka 1969. Huu ni mchezo wa teatre, si riwaya, lakini wanaousoma zaidi ni vijana, ndio maana nauweka hapa. Unahusu vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 kusini mwa Tanzania ya leo. Kinjeketile mwenyewe alikuwa mtu wa kweli, wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka uleule. Hussein anatuonya tangu mwanzo kwamba Kinjeketile wake ni wa kutungwa, tusimchanganye na yule wa historia. Hapo ninamvulia kofia: waandishi wengi wa hadithi za kale hawana adabu hiyo.

Kiswahili cha kule kiliwasumbua wanafunzi kidogo. Nilipowaambia kwamba mnyapara ni kapita walicheka, wakaelewa mara moja. Kilichowashika kabisa ni ule mkutano wa wanaume wanaotaka kupigana na Mjerumani lakini hawaaminiani. Huyu Mmatumbi, yule Mkichi, yule Mzaramo, kila mmoja anaogopa mwenzake asije kuwa mkubwa wake. Mwandishi hafichi kitu hicho. Wanahitaji maji ya Kinjeketile kwa sababu hakuna kingine kinachoweza kuwafunga pamoja. Na kuna pahali pengine pazito zaidi: Kinjeketile anapoambiwa kwamba maneno aliyoyasema akiwa na pepo yalimalizika na kuwa watu wa Seyyid Said. Anashtuka. Kumbe wanamfukuza bwana mmoja ili waingie chini ya mwingine?

Hapo ndipo darasa liliwaka moto. Kijana mmoja, wazazi wake ni wa upande wa Lufira, Musanga, alisimama: "Mwalimu, sasa sisi tulikuwa na Msiri sawa vile. Nkambo wangu anasema huyo ndiye alituuza." Binti mmoja wa Bunkeya akajibu kwa hasira kwamba bila Msiri hakuna mtu angejua jina la Katanga. Nikawaacha wasemezane, kengele ikapiga, prefe akaja kuuliza kuna nini.

Wote wawili walikuwa na haki. Msiri alitoka Usumbwa, upande wa Unyamwezi. Baba yake Kalasa alikuja huku kununua shaba. Mwana akarudi na watu wake, akakaa, akatawala wenyeji. Stairs alipofika Desemba 1891, Wasanga walikuwa wamekwisha kuasi. Na mwami alipokufa, mwana wake Mukanda-Bantu alipatana na serikali ya Leopold, Bayeke wakasaidia kuwapiga Wasanga. Mulowanyama, mkubwa wa Wasanga, alikimbilia pangoni pamoja na watu wake, wakafia humo wakizungukwa na askari. Tena wapagazi wa Stairs waliotoka pwani walisema Kiswahili, luga hii tunayoiandika. Sasa mwenyeji ni nani, mgeni ni nani?

Kwangu mimi swali hili si la mchezo. Miaka ya 1992 na 1993 nilikuwa mtoto wa masomo ya msingi. Nililiona darasa letu likipunguka: wenzetu ambao wazazi wao walitoka Kasai walikuwa wamelala na mizigo kwenye gare, wakingoja treni. Neno lililotumika kuwafukuza lilikuwa hilohilo, mwenyeji. Ndio maana riwaya ya vijana itakayosema kwamba bankambo wote walikuwa kitu kimoja mpaka mzungu alipofika siitaki, hata ikiwa imeandikwa vizuri namna gani. Mtoto wa Kisanga ataifunga ukurasa wa tatu, kwani nyumbani amesikia mengine. Na yule wa Bunkeya ataamini kwamba mashujaa hawana deni.

Watu fulani wataniambia nawapa wazungu udhuru. Hapana. Hussein hakuwapa Wajerumani udhuru hata kidogo. Kinjeketile wake, akiwa kifungoni, anakataa kusema kwamba maji ni uongo, kwa sababu anajua watakaopokea maneno hayo watayatumia kuwaambia wajukuu kwamba kupigana kulikuwa kosa. Ugomvi wa watu wake umeonyeshwa wote, na bado msomaji anajua wazi nani alinyang'anya inchi ya nani.

Kule Tanzania Mugyabuso Mulokozi naye amewaandikia vijana, na Ngome ya Mianzi chake kinawapeleka Uhehe, wakati wa vita na Wajerumani. Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani kule Lugalo Agosti 1891, miezi minne tu mbele ya kifo cha Msiri. Mwaka mmoja, na wao wana vitabu, sisi tuna picha.

Kwa hiyo niliwapa wanafunzi kazi: andikeni siku ile ya Bunkeya, kwa Kiswahili cha hapa, mkimfuata mtoto wa umri wenu. Wengi walimweka mtoto karibu na Msiri, bunduki mkononi, kama filme. Yule kijana wa Lufira alimweka kati ya wapagazi, akitafsiri maneno. Amefika ukurasa wa nne na amekwama, kwani Bodson sasa anaingia kwenye lupango, na yeye hajachagua bado mtoto wake atamwambia nani kwanza.