Ubao wa Bahari Katika Birika la Ng'ombe

Sisi tukaao Kimuka, nyuma ya vilima vya Ngong, hatuna bahari. Tuna vumbi, tuna ng'ombe, na tuna ile mitambo ya upepo izungukayo juu ya vilima mchana na usiku. Lakini liko jambo moja tulijualo pengine kuliko wengi wa watu wa pwani, nalo ni lita, kwa kuwa maji yetu aghalabu huja kwa mtungi wa lita 20, na mwenye kutuletea mtungi uliopungua hujulikana kabla hajageuza punda wake. Kwa hiyo mpwa wangu, aendaye Malindi kila akipata likizo, aliponiletea ubao wa kuteleza juu ya mawimbi ambao alikuwa amepewa aujaribu kabla ya kulipa, nilimwuliza swali alilolidhani kuwa la mshamba.

"Lita ngapi?"

"Muuzaji amesema thelathini na tano, Mjomba."

"Na wewe umepima?"

Akacheka, kwa kuwa hakupata kusikia kwamba ubao hupimwa na mnunuzi.

Ubao wenyewe ulikuwa wa ule mtindo wa kale uliorudi kupendwa: mfupi, mpana, mnene kifuani, chini yake karibu bapa, na tezi yake imechanwa mithili ya mkia wa samaki, ikiwa na mapezi mawili. Asili ya umbo hilo ni San Diego, Marekani, ambako mnamo mwaka 1967 kijana Steve Lis aliunda ubao wa namna hiyo kwa ajili ya kuteleza akiwa amepiga magoti. Baadaye wapandao wima wakauiga, na Mark Richards wa Australia, akipanda mbao za mapezi mawili alizoziunda kwa mikono yake, akatwaa ubingwa wa dunia mara 4 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Lakini mwaka 1981 Mwaustralia mwenziwe, Simon Anderson, alitia pezi la tatu akashinda mashindano ya Bells Beach, na katika miaka iliyofuata mbao za mashindano zikazidi kupunguzwa upana na unene, zikiwafaa mabingwa waliozipanda na kuwataabisha maelfu walionunua kwa kuwaiga. Kurudi kwa ubao mnene, basi, ni namna ya toba: wanunuzi wamekiri kwamba mwili wa bingwa si mwili wao, wala bahari yake si bahari yao.

Ila toba hiyo imeleta kosa jipya, nalo ni kudhani kuwa kila ubao mpana wa mtindo wa kale unamfaa kila mtu, na kwamba kuuchagua ni kutazama urefu peke yake. Zamani ilikuwa hivyo, kwani mbao ziliuzwa kwa futi na inchi. Hesabu ya lita ilienea baada ya mafundi kuanza kuchora mbao zao kwa kompyuta, nayo ndiyo hesabu ya insafu zaidi, maadamu inaeleza kiasi cha maji ambayo ubao utayasukuma kando ukizamishwa wote. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo moja na kidogo. Ubao wa lita 30, ukitoa uzito wake wenyewe wa kilo tatu hivi, unaweza kubeba karibu kilo 28 za ziada kabla haujazama. Mwili wa mwanadamu nao huelea kwa shida ukiwa majini, na sehemu yake iliyo juu ya maji humlemea aliyelala juu ya ubao akipiga makasia kwa mikono. Kadiri lita zinavyopungua ndivyo kifua kinavyozama, na kifua kilichozama hakikimbilii wimbi.

Mwenye kutaka kukadiria hana haja ya chombo ila kamba ya fundi cherehani. Ubao wa mpwa wangu ulikuwa na urefu wa futi 5 na inchi 8, yaani sentimita 173, upana wa sentimita 52 na unene wa sentimita 6, navyo hivyo vikizidishwa hutoa lita 54, ambazo zingekuwa ujazo wake lau ungekuwa sanduku lenye pembe nne. Lakini ubao hupungua kuelekea omo na tezi, na mbavu zake zimeviringwa. Kwa mbao za umbo hili, zaidi kidogo ya nusu ya sanduku ndiyo hubaki, tuseme sehemu 57 katika 100, nayo ni karibu lita 31. Makadirio hayo yalitofautiana na maneno ya muuzaji kwa lita nne, na kwa kuwa kadirio si ushahidi, tuliazimia kuuzamisha.

Jirani yangu ana birika refu la saruji la kunyweshea ng'ombe. Tulikwangua nta yote juu ya ubao ili tusiwalishe wanyama wa watu mafuta, tukakaza skrubu ndogo iliyo juu yake, kwani ubao wa povu la polistireni uliofunikwa kwa epoksi huwekewa tundu la kupumulia, ili hewa iliyo ndani, ambayo hutanuka ubao unapopandishwa kutoka pwani hadi nyanda za juu kama zetu au unapoachwa ndani ya gari juani, isibambue ngozi yake. Tundu hilo hufunguliwa safarini na kufungwa majini, na mwenye kusahau la pili hunywesha ubao wake maji ya chumvi. Kisha tulitia alama ya makaa mahali maji yalipofikia, tukaukandamiza ubao kwa viganja, watu wawili, mmoja omoni na mmoja tezini, hata ukazama wote, na mtoto wa jirani akatia alama ya pili. Mzee mwenye birika alisimama akitutazama kwa wasaa.

"Mnaosha mlango?" akauliza.

"Tunaupima, Mzee."

"Mlango hupimwa kwenye nyumba," akasema, nami sijasikia kanuni ya kuchagua ubao iliyo fupi kuliko hiyo.

Tuliutoa ubao, tukajaza maji kutoka alama ya kwanza hadi ya pili kwa kopo la lita moja, tukihesabu kwa sauti: yaliingia makopo 31. Muuzaji pengine hakukusudia kudanganya, kwani nambari hizo hupokewa kwa mdomo kutoka mkono hadi mkono; lakini lita nne kwa mbao fupi si kitu kidogo, maana ndizo zinazomtenga alipataye wimbi na alitazamaye likipita.

Hapo ndipo lilipokuja swali gumu, nalo halihusu ubao: mpwa wangu ni nani? Uzito wake ni kilo 78. Mafundi huanzia kwenye uwiano wa lita kwa kilo: aliyebobea hutosheka na lita zipatazo thuluthi moja ya uzito wake na kidogo juu, wa kati huhitaji baina ya sehemu 40 na 45 katika 100, na mwanafunzi nusu au zaidi. Kwa lita 31, uwiano wake ulikuwa sehemu 40, ambao unamfaa mtu wa kati aingiaye majini kila wiki. Ilhali yeye huingia majuma machache kwa mwaka, na miezi iliyobaki mabega yake hukaa mezani ofisini. Ghururi humfanya mtu ajihesabu kwa siku yake iliyo bora. Hisabati ya ubao hutaka ajihesabu kwa siku ya tatu ya likizo, mikono ikiwa imechoka.

Swali la pili ni la bahari. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na miamba, mawimbi yakivunjikia mbali. Lakini ghuba ya Malindi, karibu na mto Sabaki unaomwaga tope lake, iko wazi, na majira ya kusi mawimbi huufikia ufuo. Ni mawimbi ya namna yake, hata hivyo. Mengi huzaliwa na upepo wa karibu, hufuatana upesi na hayana msukumo mrefu, kwa kuwa yale makubwa yatokayo bahari ya kusini ya mbali huzuiwa kwa sehemu na kisiwa cha Bukini. Fauka ya hayo, wakati wa bamvua maji hupanda na kupwa zaidi ya mita 3, na wimbi lililosimama vizuri saa nne huwa limelala saa saba. Bahari ya namna hiyo hutaka ubao uanzao kwenda mapema na usiohitaji kusukumwa, na huo ndio ubao bapa, mpana, wenye lita; ni ajabu njema kwamba umbo la San Diego linalingana na Malindi kuliko zile mbao nyembamba zilizolifuata.

Mbona basi tusichukue lita 45 tukamaliza? Kwa sababu lita pia huzidi. Ubao uliozidi huelea juu kama kizibo, ubavu wake hauzami wakati wa kugeuka, na wimbi lililovunjika likija haliwezi kupitiwa chini, bali humrudisha mtu ufuoni pamoja na mali yake. Tena si mahali pamoja lita zinapokaa: ukiziongeza kwa upana unapata uthabiti, ukiziongeza kwa unene wa mbavu unapata mlango wa yule mzee, na ukiziweka chini ya kifua, zikipungua taratibu kuelekea mbavuni, unapata ubao upigao mbio na bado ugeukao.

Ubao wa kwanza ulirudi kwa mwenyewe. Uliochaguliwa badala yake una futi 5 na inchi 10, upana wa sentimita 53, unene wa sentimita 6.7 katikati, na mbavu zilizochongwa nyembamba. Kwa makadirio yetu ni lita 36, sehemu 46 katika 100 za uzito wa mpandaji, juu kidogo ya kipimo cha mtu wa kati, kwa makusudi. Ulipofika Kimuka tuliupeleka tena kwa jirani, naye mzee, bila ya kuulizwa, aliwafukuza ng'ombe kando, akamtuma mtoto kuleta kopo.