Boriti Zilizoandikwa Mara Mbili

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki diwani, riwaya na tamthilia. Safari hii twawaomba wasomaji watuwie radhi tukihakiki dari ya nyumba. Dari tunayoikusudia imeandikwa, na kila kilichoandikwa ni haki yetu sisi walimu wa lugha kukisoma. Tena swali la namna ya kuitengeneza dari hiyo limetugusa penye kidonda, kama itakavyoonekana mbele.

Nyumba yenyewe iko Ufaransa, katika kijiji cha Saint-Michel-de-Montaigne, jimboni Dordogne. Wengi wetu tuliosomeshwa kwa Kifaransa twamjua mwenye nyumba, Michel de Montaigne (1533–1592), kwa vile tulivyokaririshwa vipande vya kitabu chake Essais. Wachache mno walielezwa kwamba kabla ya kitabu palikuwa na boriti. Mwaka 1571, akiwa na umri wa miaka 38, Montaigne alijitenga na shughuli za mahakama akahamia katika mnara wa nyumba yake: chini kanisa dogo, katikati chumba cha kulala, na juu kabisa maktaba ambayo mwenyewe aliisifu kwa vitabu vyake 1,000. Juu ya vitabu hivyo, boriti za dari ziliandikwa kwa brashi semi zaidi ya 60, za Kigiriki na Kilatini, wala hamna hata moja ya Kifaransa. Aliyeinua kichwa kutoka mezani aliyasoma maneno ya Sophocles, ya Lucretius, ya Sextus Empiricus mwanafalsafa wa shaka, na ya kitabu cha Mhubiri katika Biblia. Mwaka 1885 moto uliteketeza jumba kuu. Mnara ulisalimika, na boriti zingali pale.

Sasa yaja yaliyotushughulisha. Baadhi ya boriti hizo ziliandikwa mara mbili. Chini ya usemi unaosomeka leo pana usemi mwingine uliofunikwa, nao haukufa kabisa: mkia wa herufi umechomoza hapa, kivuli cha neno zima pale. Alain Legros, aliyetoa mwaka 2000 kitabu kizima juu ya boriti hizi, alizifuata alama hizo kwa subira ya mtu afuataye nyayo za mnyama. Kwa hiyo Montaigne aliishi chini ya usemi fulani, kisha akauona haumfai tena, akafunikisha na kuandikisha mwingine.

Msomaji wa Essais hataacha kushangaa. Kwani mtu huyu katika kitabu alijinadi kuwa yeye huongeza, hasahihishi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1580. La mwaka 1588 likanenepa. Na nakala moja ya toleo hilo, iliyohifadhiwa Bordeaux, imejaa pambizoni maandishi ya mkono wake mwenyewe, mstari juu ya mstari, hadi karatasi imeisha. Kwenye karatasi alikuwa na pambizo. Boriti haina pambizo. Upana wake ni kiasi cha mstari mmoja au miwili, na atakaye kusema jambo jipya hana budi kulifuta la zamani. Twaona basi kwamba katika dari hii twamkamata Montaigne akifuta, na kwa jicho la mhakiki hilo lina thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo juu ya mabadiliko ya fikra zake.

Fundi akipanda ngazi leo na brashi mkononi, afanye nini? Akiukwangua usemi wa juu ili aufichue wa chini, kwa hoja kwamba wa chini ndio wa asili, atakuwa amemrudisha Montaigne katika fikra alizokwisha kuziacha. Akiukoleza wa juu kwa rangi mpya hadi ung'ae, vivuli vya chini vitazama, na ushahidi wa kwamba mtu alibadili nia utapotea milele. Hapo tena pana mtego wa usomi. Baadhi ya maneno ambayo boriti zayataja kuwa ya Mhubiri hayapatikani katika Mhubiri kwa namna ile. Fundi mwenye elimu atatamani kuyasahihisha. Tunamsihi asithubutu. Kosa lile ni la Montaigne, nalo latuonyesha jinsi alivyosoma na jinsi alivyokumbuka. Likisahihishwa tutabaki na Biblia, ambayo tunayo tayari rafuni.

Wapo watakaosema kwamba twatukuza giza, na kwamba mgeni aliyelipa kiingilio ana haki ya kusoma. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, maana maandishi yasiyosomeka yana hasara yake. Lakini tazama yaliyozipata dari za Uskochi. Huko, kati ya mwaka 1550 na 1650 hivi, nyumba za wakubwa zilipakwa michoro na maneno juu ya boriti kwa rangi iliyochanganywa na chokaa na gundi ya wanyama. Rangi hiyo ni dhaifu: ukiipitishia kitambaa kilicholoa, yaondoka. Katika ngome ya Crathes, karibu na Aberdeen, chumba kimoja kina Mabinti Tisa wa Sanaa wa Kigiriki, tarehe yake 1599. Mtindo ulipogeuka, dari zilizibwa kwa fito na lipu, zikasahauliwa; za Crathes ziligunduliwa mwaka 1877. Asiyejali kitu alizificha, na kule kuficha kukazihifadhi. Waliozipenda ndio waliozitia hasara. Walizikoleza walipodhani zimefifia, na katika karne ya 20 dari kadhaa za namna hii zilipakwa nta ili rangi ishike. Nta ikanasa vumbi, ikatia weusi, na mafundi wa baadaye wakawa na kazi ndefu ya kuiondoa. Hatusemi kwamba kila tiba ni sumu. Twasema tu kwamba nia njema si sifa ya ufundi.

Waitalia wametoa jibu linalotupendeza. Cesare Brandi, aliyeiongoza taasisi ya ukarabati mjini Rumi tangu mwaka 1939, alifundisha kwamba pengo lizibwe kwa mistari myembamba ya wima. Ukisimama mbali, jicho laipata sura nzima. Ukisogea, waona wazi mahali mkono wa zamani ulipokoma na wa leo ulipoanzia. Mtazamaji hanyimwi picha, wala hadanganywi.

Na sasa kidonda chetu. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mchonga mbao na pia mnakili wa tenzi. Mkono uliochonga milango ndio ulioandika hati ambazo wataalamu wengi wa Ulaya waliusomea ushairi wetu. Mtu wa namna hiyo angeuelewa mjadala huu pasi na mkalimani. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi unaoyalilia majumba ya Pate yaliyoanguka, imetufikia katika hati zinazotofautiana kwa idadi ya beti na kwa mpangilio wake. Ukifungua toleo lililochapwa waona beti zimekaa sawasawa kama boriti zilizopakwa jana. Vivuli viko wapi? Mara nyingi viko nyuma ya kitabu kwa herufi ndogo, ikiwa vipo.

Lakini tusiwasingizie wachapaji peke yao. Huku bara, mbali na pwani, sisi wenyewe huwachapia wanafunzi wetu vipande vya tenzi za zamani. Neno la Kiamu tusilolijua twaliondoa, twatia la Kiswahili sanifu lenye mizani ileile, na karatasi yaenda darasani bila alama yoyote. Twafanya hivyo kwa huruma. Mwaka jana tulikusanya karatasi hizo kutoka kwa walimu wanne, tukazilinganisha. Ubeti mmoja ulikuwa na sura nne, na hakuna kati yetu aliyeweza kukumbuka neno lipi lilikuwa la mshairi. Mmoja wetu aliwahi kusahihisha mtihani ambamo mwanafunzi aliusifu uteuzi wa neno ambalo mwalimu ndiye aliyelitia.

Kwa sababu hiyo, karatasi za muhula ujao tumezipanga upya. Neno la mshairi limeachwa mahali pake hata likiwa gumu, na letu limeandikwa pambizoni kwa wino mwingine. Karatasi tunazo pambizo, bahati ambayo boriti za mnara ule hazikuipata. Walimu wawili tayari wamelalamika kwamba ukurasa haupendezi machoni, nao kwa hilo wamesema kweli.