Len Howard na ndege wasio na tundu

Nyumba ya Len Howard, kijijini Ditchling, Sussex, kusini mwa Uingereza, haikuwa na tundu hata moja, na bado ndege wa porini walilala humo usiku na kula mezani pake. Gwendolen, maana hilo ndilo jina lake hasa, alikuwa mpiga viola London kabla ya kuhamia Ditchling mwishoni mwa miaka ya 1930. Hakusomea elimu ya viumbe, lakini kitabu chake Birds as Individuals cha mwaka 1952 kiliandikiwa dibaji na mwanabayolojia Julian Huxley.

Aliwapataje ndege hao? Wengi watasema chakula. Chakula humleta ndege, hakimkalishi. Ndege mwenye hofu hula mbiombio huku akikuchungulia, kisha huyo, kaondoka. Mambo ya nyumbani kwake hutayaona. Howard aliishambulia hofu yenyewe: madirisha yalibaki wazi, viota vya mbao vikatundikwa mpaka ndani, na yeye akaacha kabisa kushtukashtuka. Wageni hawakutakiwa. Hapo ndipo wengi wetu tungeshindwa.

Aliowapenda zaidi walikuwa Parus major, ndege mdogo mwenye kofia nyeusi, mashavu meupe na kifua cha njano kilichopasuliwa na mstari mweusi. Kumzoesha ndege huyu kiganja ni kazi ya kusogeza: karanga huanzia dirishani, ikaja mezani, ndipo ikafika mkononi. Mkono utulie na macho yasimkodolee, kwani anayekodoa macho ni mwindaji. Akishanyakua, hurukia tawini, akaibana karanga kwa miguu na kuidonoa mpaka imeguke.

Wataalamu wa wakati huo walitegemea pete. David Lack, aliyeandika The Life of the Robin mwaka 1943, aliwavisha ndege wake wa Devon pete za rangi ili asiwachanganye. Howard aliwajua kwa sura, mkao na sauti, na sikio la mwanamuziki lilimsaidia sana. Kwamba jike hupapatisha mbawa kama kinda ili dume amlishe, au kwamba wazazi huleta viwavi kutwa na kutoka na kinyesi cha makinda kikiwa kimefungwa katika utando mweupe, hayo yalijulikana. Yeye aliongeza majina: nani kamwacha nani, dume yupi mzembe, nani kamnyang'anya jirani kiota. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida yake kubwa, maana wastani wa ndege mia hauonyeshi ugomvi wa wawili.

Ninapomtilia shaka ni kwa Star, jike aliyesifiwa kwa hesabu. Howard akigonga ubao, Star alijibu kwa mdomo idadi ileile, hadi nane. Mwaka 1907, mjini Berlin, Oskar Pfungst alikwisha kuonyesha kwamba farasi Hans, aliyedaiwa kujua hesabu, alikuwa akisoma miondoko midogo ya mwili wa muulizaji. Kwa Star, muulizaji, msahihishaji na mgawa karanga alikuwa mtu mmoja. Ilihitajika mtu wa pili, agonge akiwa nyuma ya pazia. Ila mtu wa pili, katika nyumba ile, angewatorosha ndege wote.