Wohlleben amemupa mama muti sifa zote, kuvu ameiacha nje



Kuna kitabu kimoja ambacho watu wanakitaja kila mara tukianza kuzungumza mambo ya pori: La Vie secrète des arbres, cha Peter Wohlleben. Mwandishi alikuwa mulinzi wa musitu kule Hümmel, Ujerumani. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka 2015, kwa Kifaransa mwaka 2017, na kimeuzwa sana duniani. Nimekisoma mpaka mwisho. Ni kitamu kweli. Lakini kwa sisi wa Katanga, wenye kuona miombo inageuka makala kila siku, utamu wake unaweza kutupoteza njia.

Nianze na mazuri, juu haki ni haki. Wohlleben ameweza kitu ambacho wataalamu wengi wanashindwa: kumufanya mutu asiyesoma biolojia asimame mbele ya muti kwa heshima. Anaeleza kwamba mizizi haiishi peke yake. Kuna kuvu zinazokaa nayo, ambazo nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele. Zinapenya udongo kule muzizi haufiki, zinaleta maji, azoti na fosforo, na muti unazilipa kwa sukari. Hayo yote ni kweli. Njo musingi wa somo la mikoriza tulilopewa.

Tatizo linaanza anapowavalisha miti nguo za watu. Muti mukubwa unakuwa mama anayenyonyesha watoto wake. Majirani wanakuwa marafiki. Na kuvu? Kuvu inakuwa waya wa intaneti. Mama anatuma, mutoto anapokea, waya hauna la kusema.

Hadithi hiyo inasimama sana juu ya kazi ya Suzanne Simard na wenzake kule Kanada, iliyotoka katika gazeti Nature mwaka 1997. Walifuatilia kaboni ikipita kati ya miche ya bulo na ya sapini ya Douglas. Kazi nzuri. Lakini mwaka 2023 Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema walipitia upya masomo yaliyofanywa musituni penyewe. Wakaona kwamba ushahidi wa ile mitandao ni mudogo kuliko sifa zake, na kwamba ile ya mama muti kuchagua kuwalisha watoto wake wa damu haijathibitishwa musituni. Tena angalieni jina la Melanie Jones: alikuwa mumoja wa walioandika ile kazi ya 1997. Mutu anayerudi kuipima kazi yake mwenyewe bila haya, mimi namusikiliza.

Sasa, lawama yangu kubwa haiko pale. Lawama yangu ni kwamba Wohlleben ameiacha nje hadithi iliyo tamu zaidi, na ya kweli: ile inayoandikwa ndani ya jeni za kuvu yenyewe.

Tuseme jenomu ni kitabu cha maagizo. Kila seli iko nacho kizima, lakini haisomi kurasa zote pamoja. Ukitaka kujua kuvu inafanya nini ndani ya muzizi, angalia imefungua kurasa gani. Mwaka 2008 timu ya Francis Martin, kule Nancy, Ufaransa, pamoja na wenzao wa inchi zingine, ilitoa jenomu ya Laccaria bicolor, uyoga mudogo unaoishi na mizizi ya miti ya musitu. Walikuta jeni karibu 20,000. Mambo mawili yaliwashangaza.

La kwanza: anzimu za kuvunja ukuta wa seli za mumea zilikuwa zimepotea nyingi. Uyoga huu hauwezi tena kuishi kwa kuozesha miti kama ndugu zake wengine. Mwaka 2015 wakalinganisha jenomu 49 za kuvu, wakaona kwamba jambo hilo limetokea mara nyingi, kila ukoo kwa njia yake. Kuvu ya namna hii imetupa panga lake, inategemea sukari ya muzizi ulio hai.

La pili: proteini ndogo ndogo ambazo kuvu inazitoa inje. Moja wanaiita MiSSP7. Jeni yake inalala kuvu ikiwa peke yake, lakini ikikutana na muzizi inaamka kwa nguvu kuliko karibu zote. Kazi ya Jonathan Plett na timu ileile, mwaka 2011 na 2014, ilionyesha njia yake: proteini inaingia mpaka ndani ya kiini cha seli ya muti wa popla. Pale inashika proteini ya muti inayoitwa JAZ6 na kuilinda isivunjwe. JAZ6 ikibaki, ulinzi unaoongozwa na homoni ya asidi jasmoniki haupigi kengele. Mulango unafunguka. Wakiizima jeni ya MiSSP7, ndoa inashindikana.

Muone tofauti. Hapa hakuna mama wala waya. Kuna mugeni anayebisha hodi na anajua kumutuliza mulinzi wa mulango, na kuna mwenye nyumba ambaye naye ana silaha. Kila mumoja anapata, lakini hakuna anayetoa bure. Ni kama biashara ya soko letu: watu wanacheka pamoja, lakini kila mutu anahesabu franka zake.

Mutaniuliza: na sisi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Miti yetu ya miombo, Brachystegia, Julbernardia, Marquesia, Uapaca, inaishi na kuvu za namna hiyo. Ule uyoga ambao mama zetu wanauuza kando ya barabara wakati wa mvua, Wabemba wanauita bowa, sehemu yake kubwa ni matunda ya kuvu hizo. Kule Ituri na Tshopo, limbali nayo inaishi hivyo.

Ukiamini waya, utasema: muti ukikatwa, waya ungali pale, tupande kitu chochote kitajiunga. Njo vile tunavyofanya kila tarehe 5 Desemba, siku ya muti: miche ya akasia katika udongo uliokwisha kuunguzwa, picha, hotuba, tunarudi nyumbani. Akasia inaweza kutoa kuni, sikatai. Lakini hiyo haijarudisha muombo.

Ukizisikiliza jeni, utasema kingine. Kuvu iliyotupa panga lake haiwezi kudumu bila muzizi hai. Kwa hiyo kisiki kina bei. Miombo inarudi zaidi kwa machipukizi ya visiki na mizizi kuliko kwa mbegu. Anayekata makala akiacha visiki, na moto usipite kila mwaka, ameacha ndoa nzima ndani ya udongo. Anayeng'oa kila kisiki ameiua. Na pale tanuri la makala lilipowaka, udongo umechomwa. Ukitaka kupanda pale, jaza mifuko ya kitalu na udongo wa chini ya muombo mukubwa wa aina ileile, pamoja na vizizi vyake. Hii haiko mupya: miti ya misonobari ilipoletwa Afrika, mahali pengi ilidumaa mpaka walipoleta udongo wenye kuvu yake.

Ajabu ni kwamba Wohlleben mwenyewe anaanza kitabu chake na kisiki cha zamani ambacho bado kiko hai. Alikiona, akasema: urafiki. Angechimba kidogo zaidi, angeuliza: nani anamulisha nani, kwa bei gani, na nani alifungua mulango?

Someni kitabu chake, kinafungua macho. Lakini mukimaliza, musiende kukumbatia muti. Muende kuzungumza na wakata makala juu ya visiki.