Kusoma Kiingereza katika Universite: Neno juu ya Barua ya Nairobi

Mwezi uliopita katekista mmoja wa misioni ya kando ya ziwa alitufikia na swali. Mtoto wake amemaliza shule ya sekondari, naye anataka kuingia universite asome Kiingereza: lugha yenyewe, vitabu vyake, na namna ya kuandika. Mzee akatuuliza: «Mapadri, mimi nafundisha dini kwa Kiswahili tangu ujana wangu. Mtoto atakaa miaka mingi na hadisi za Waingereza. Siku atakaporudi, atatuambia nini?»

Swali hili si la baba mmoja. Tangu inchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, Kiingereza kinatafutwa sana, hata na wafratri wetu. Wengi wanakitafuta juu ya kazi na biashara, nasi hatuoni ubaya. Lakini kujua lugha kwa kununua na kuuza ni jambo moja. Kukaa miaka mizima na vitabu vya taifa lingine mpaka kupewa diploma ni jambo lingine. Hapo roho ya mtu inaguswa. Basi tumeona vema kusoma tena barua moja fupi iliyoandikwa Nairobi mwaka 1968 juu ya jambo hilohilo, kuipima, na kusema inatufaa kwa nini na inapungukiwa na nini.

I. Somo hili limetoka wapi?

Watu wengi wanafikiri kama Waingereza wamesoma vitabu vyao katika universite tangu zamani sana. Si hivyo. Kwa karne nyingi, pale Oxford na Cambridge, masomo ya heshima yalikuwa Kilatini na Kigiriki. Kiingereza kilikuwa lugha ya nyumbani na ya sokoni. Nani atampa mtu diploma kwa kusoma lugha ya mama yake? Profesa wa kwanza wa Kiingereza kule London, mchungaji Thomas Dale, alianza kazi mwaka 1828. Oxford ilikawia mpaka mwaka 1894, na Cambridge mpaka mwaka 1917. Hata mwaka 1887 Edward Freeman, profesa wa historia pale Oxford, alipinga kwa nguvu. Kwa maoni yake, mambo ya kupenda na kuonja hayawezi kupimwa kwa mtihani.

Tena kuna jambo la kushangaza zaidi. Vijana wa India walifundishwa vitabu vya Kiingereza kabla somo hilo halijapata kiti pale Oxford. Mwaka 1835 serikali ya kikoloni iliamua kutoa mali kwa elimu ya Kiingereza kule, kusudi ipate wenyeji wenye mawazo na ladha ya Kiingereza, wa kuisaidia kutawala.

Tushike mafundisho mawili. La kwanza: hakuna lugha iliyozaliwa na kiti chake katika universite. Kila moja ilikipata kwa kushindana. Maneno yaliyosemwa zamani juu ya Kiingereza, kama ni lugha ya nyumbani tu, ndiyo yanayosemwa leo juu ya Kiswahili, Kiluba na Kibemba. La pili: tangu mwanzo somo hili lilikuwa na kazi mbili, kufungua akili za watu, na kuwatengeneza kwa mfano wa mtu mwingine. Anayelisoma lazima ajue ni kazi gani inayofanyika ndani yake.

II. Mti wa Makerere

Shule ya Makerere huko Kampala ilianzishwa mwaka 1922. Kuanzia mwaka 1949 ilifungwa na Universite ya London, nayo ndiyo iliyotoa diploma. Wasomaji wetu wanaelewa namna hiyo: Lovanium yetu, iliyozaliwa mwaka 1954, ilikuwa mtoto wa Louvain.

Hatusemi kama mti huu haukuzaa matunda. Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ya Makerere ilianzisha gazeti la wanafunzi, Penpoint. Humo kijana aliyeitwa James Ngugi, ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o, alijaribu kalamu yake, na mwaka 1964 kitabu chake Weep Not, Child kikatoka. Asiyetaja matunda hayo anasema nusu ya kweli.

Lakini tutazame upande mwingine. Mwezi wa Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutanika Makerere, ndio walioandika kwa Kiingereza. Wa lugha nyingine hawakuwa na kiti. Shaaban Robert wa Tanganyika, mshairi mkubwa wa Kiswahili wa wakati ule, alifariki mwezi uleule. Mkutano wa waandishi wa Afrika ulifanyika karibu naye, naye hakuhesabiwa. Hatudhani kama walimchukia. Mlango ulikuwa umepimwa kwa kimo cha mtu mwingine, basi.

III. Barua yenyewe inasema nini?

Mwaka 1968 mkuu wa muda wa Idara ya Kiingereza katika chuo cha Nairobi alileta mpango wa kutengeneza masomo. Tarehe 24 Oktoba walimu watatu walimjibu: Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Hawakuomba vitabu viwili vitatu vya Afrika viongezwe. Waliomba Idara ya Kiingereza iondolewe kabisa, na mahali pake iwekwe idara ya fasihi na lugha za Afrika.

Mawazo yao ni mepesi kufuata. Mpango ule, walisema, unachukua urithi wa Uingereza kuwa shina, na Afrika kuwa tawi la kupandikizwa. Kama ni lazima kusoma urithi wa taifa moja tangu mwanzo mpaka leo, kwa nini usiwe wa Afrika? Waliomba Afrika ikae katikati, na vitabu vya mataifa mengine vitazamwe kutoka hapo. Shakespeare hakufukuzwa; aliombwa kukaa mahali pa mgeni mwenye heshima.

Waliomba tena mambo mawili yanayotugusa. Kwanza, masimulizi ya mdomo, yaani hadisi, mezali, vitendawili na nyimbo, yasomwe sawa na vitabu. Pili, kila mwanafunzi wa idara ile ajue Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Wakongomani wasipite neno hilo upesi. Bila Kifaransa, mwanafunzi wa Nairobi anafungiwa mlango wa waandishi wa upande wetu; bila Kiingereza, sisi tunafungiwa mlango wake; na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha njiani.

Mwishoni Idara ya Kiingereza iliondoka, na Idara ya Fasihi ikashika mahali pake.

IV. Tunachosifu

Tunasifu kwanza swali lenyewe: nani anakaa katikati? Wasomaji wetu mapadri wanalijua. Mwezi wa Januari 1960, miaka minane mbele ya barua hii, Tharcisse Tshibangu, aliyekuwa bado mwanafunzi pale Lovanium, alishindana kwa maneno na Kanoni Alfred Vanneste, dekano wa fakulte ya teolojia. Mmoja alisema kama inawezekana kuwa na teolojia yenye rangi ya Kiafrika. Mwingine aliogopa kama ukweli wa wote ungegawanyika. Nairobi ilirudilia mashindano yale juu ya vitabu vingine. Sisi tunaona kama woga wa Kanoni haukuwa wa bure, lakini jibu la mwanafunzi lilikuwa na nguvu zaidi: mtu anaona ulimwengu wote kutoka mahali aliposimama, wala hakuna anayeuona akiwa hakusimama popote.

Tunasifu pili heshima waliyoyapa masimulizi ya mdomo. Mzee anayejua hadisi mia moja alihesabiwa mbumbumbu kwa sababu hajui kalamu. Barua hii ilimwita mwalimu.

V. Tunachokosoa

Hata hivyo, barua ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni lugha. Barua ya kuondoa Idara ya Kiingereza iliandikwa kwa Kiingereza, na idara mpya iliendelea kufundisha kwa Kiingereza. Hadisi ya bibi ilipata kiti, lakini ilikalia kiti hicho imevaa nguo za kuazima. Ikiwa mwanafunzi anaieleza hadisi ya Kijaluo au ya Kigikuyu kwa Kiingereza tu mpaka siku ya mtihani, bibi aliyeisimulia hawezi kumsahihisha. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kuona hivyo. Mwaka 1977 alitunga pamoja na Ngũgĩ wa Mirii mchezo kwa Kigikuyu, ukachezwa na wakulima na wafanya kazi wa Kamiriithu. Serikali iliyokuwa imemvumilia akiandika Kiingereza ilimfunga mwisho wa mwaka ule, akakaa gerezani karibu mwaka mmoja bila hukumu. Hapo tunajifunza nguvu ya lugha inayosikiwa na watu. Katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, aliaga kuandika kwa Kiingereza. Lakini kazi ya kumlisha ilibaki uprofesa wa Kiingereza na fasihi katika universite moja ya California, na alifariki Marekani mwaka 2025. Hatumlaumu. Tunasema tu kama daraja alilolianza halijaisha kujengwa.

Kasoro ya pili haisemwi mara nyingi. Barua inashughulika sana na orodha ya vitabu, kidogo na namna ya kusoma. Mwanafunzi aliyeshika kwa moyo maelezo ya mwalimu juu ya Shakespeare anaweza kushika vilevile maelezo juu ya Achebe, akapata maksi, asisome kitabu. Kubadili orodha hakumfundishi mtu kusimama mbele ya neno moja na kuuliza: kwa nini hili, si lingine? Okot p'Bitek, katika Song of Lawino iliyotoka mwaka 1966, anamwonyesha mke wa kijijini akilia juu ya mume wake msomi, aliyepotelea katika vitabu kama katika pori. Kosa la mume si kusoma, bali vitabu vimemtoa katika watu wake wala havikumrudisha.

Wakatekista wasome tena mahali Lawino anaposimulia mafundisho ya dini ya jioni. Anasema watu walipiga kelele maneno wasiyoelewa, sawa na kasuku, na alipotaka kuuliza maana alinyamazishwa. Sisi tumesoma ukurasa ule tukaona haya.

VI. Katika nyumba yetu

Maana tusihukumu Nairobi na kusahau seminari. Wengi wetu tulifundishwa kuandika vizuri kwa Kifaransa. Jumamosi jioni tunaandika mahubiri kwa Kifaransa, na Jumapili tunayageuza kwa Kiswahili mbele ya altare, neno kwa neno. Watu wanasikiliza kwa adabu, kisha wanatoka. Je, walisikia? Kiswahili chetu tulikiacha katika umri wa shule ya msingi. Kifaransa chetu kilikua, chenyewe kikabaki mtoto. Hiyo si kasoro ya Kifaransa, ni uvivu wetu.

Na njia ipo. Julius Nyerere alisoma Edinburgh, akarudi na diploma yake mwaka 1952. Akiwa mkuu wa inchi alikaa na Shakespeare usiku, akageuza Julius Caesar kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Katika uzee wake aliziweka Injili katika tenzi, zikachapwa mwaka 1996. Huyo alisoma Kiingereza mpaka ndani, na faida yake ikaja kwa Kiswahili. Vilevile Universite ya Dar es Salaam ilifungua Idara ya Kiswahili mwaka 1970, na humo fasihi inafundishwa, inabishaniwa na kutahiniwa kwa Kiswahili chenyewe. Anayesema kama lugha yetu haiwezi masomo ya juu, aende akasikilize.

VII. Jibu letu kwa mzee

Basi tulimjibu katekista hivi. Mwache mtoto aende. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiingereza ni mgeni mwenye mizigo mizuri. Lakini ashike masharti matatu.

Moja, asome vitabu vyenyewe, polepole, kabla ya kusoma maelezo juu yake.

Mbili, kila anapojifunza namna ya kupima shairi la Kiingereza, aitumie namna hiyo kupima hadisi moja ya kwao, aone inafaa wapi na inashindwa wapi. Pale inaposhindwa ndipo atakapokuwa na neno lake mwenyewe la kusema.

Tatu, kila likizo alete ukurasa mmoja wa Kiingereza alioupenda, augeuze kwa Kiswahili, aketi na baba yake, ausome kwa sauti. Baba asipoelewa, kijana asiseme kama mzee hakusoma. Ajue ukurasa haujaisha, achukue kalamu tena.

Mzee alifikiri kidogo, kisha akatuuliza kama sharti la tatu linawafaa mapadri na mahubiri yao pia. Tulimjibu ndiyo.