Ekegusii Imo Ndani ya Mashine: Namna ya Kuifungua

Katika saiba za Nyamarambe, Mugirango Kusini, mhudumu na mteja huelewana kwa Ekegusii tangu salamu hadi malipo. Kompyuta iliyo mbele yao huandika tarehe kwa Kiingereza. Si kwamba haiijui lugha yao; hakuna aliyeiambia iitumie.

Data ya lugha hiyo hutoka CLDR, hazina inayosimamiwa na shirika la Unicode, ambayo Android, Windows na iPhone huitegemea kupata majina ya siku, miezi na mpangilio wa fedha kwa kila lugha. Ekegusii iliingia humo mwaka 2010, kipindi ambacho mtandao wa ANLoc ulikuwa na mradi uliolenga lugha 100 za Afrika. Ilipewa utambulisho guz-KE. Ndani yake Jumapili ni Chumapiri, Jumatatu ni Chumatato, na Jumamosi ni Esabato, jina lisilomshangaza mtu yeyote katika Gusii, ngome ya Waadventista Wasabato.

Kwenye Windows 10 na 11 kazi ni nyepesi. Fungua PowerShell, andika Set-Culture guz-KE, kisha funga dirisha na ufungue jipya. Amri hiyo hubadilisha thamani iitwayo LocaleName kwenye rejista ya Windows, chini ya HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\International. Kwa kuwa mabadiliko yako upande wa mtumiaji mmoja, akaunti nyingine za mashine hiyo haziguswi. Ukitaka kurudi ulikotoka, andika utambulisho uliokuwepo awali, kwa mfano en-KE, badala ya guz-KE.

Simu ni ngumu kidogo. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, mtumiaji anaweza kupanga lugha kadhaa kwa kufuatana, na baadhi ya simu huonyesha Ekegusii kwenye orodha. Nyingine hazionyeshi, kwa kuwa kila mtengenezaji huchagua lugha za kuorodhesha.

Hapo ndipo mlango wa nyuma unapohitajika. Kwenye Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara saba ili Chaguo za wasanidi zijitokeze, kisha washa utatuzi wa USB. Simu ikiwa imeunganishwa na kompyuta, programu ya kubadili lugha uliyosakinisha kwenye simu hupewa ruhusa ya CHANGE_CONFIGURATION kwa amri ya pm grant kupitia ADB, zana ya kuipa simu ya Android amri kutoka kwenye kompyuta. Tangu Android 4.2 ya mwaka 2012, programu za kawaida haziwezi kujichukulia ruhusa hiyo. Njia hii haikubali kwenye kila simu, na ukimaliza zima utatuzi wa USB, maana ukiachwa wazi ni hatari.

Usitarajie menyu zote kubadilika. Kinachopatikana ni siku, miezi na tarehe. Vitufe vya programu havijatafsiriwa. Kwa sababu hiyo weka Kiswahili nafasi ya pili, ili Android ikikosa neno la Ekegusii ishuke huko badala ya kukimbilia Kiingereza.

Sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii zaidi ya milioni 2.7, idadi inayotosha kudai zaidi ya kalenda. Unicode hupokea michango ya umma kupitia chombo chake cha Survey Tool, kinachofunguliwa kwa vipindi. Walimu na wanafunzi wa Gusii wenye ujuzi wa lugha yao wajiandikishe, wakague yaliyomo na kuongeza yanayokosekana.